Korido, masta, banda la uani au msingi wa ghorofa: nyumba ipi itabadilika pamoja na familia yako?

Mtu akija kuchorewa ramani, huanza na idadi ya vyumba. Vitatu, kimoja masta (chenye choo chake ndani), sebule, dainingi, jiko, stoo, choo cha pamoja. Orodha hiyo naijua kabla hajamaliza kuitaja, kwa sababu nyumba mpya mtaani karibu zote ni hizohizo. Mimi humuuliza jambo jingine: nyumba hii ikifikisha miaka kumi, na baadaye ishirini, nani atakuwa anaishi humu? Baba, mama na watoto wawili wadogo wa leo hawatabaki hivyo. Atakuja mdogo wa mke kusoma chuo. Atakuja bibi ambaye magoti yamegoma. Watoto watakua na itabidi wa kike na wa kiume walale mbalimbali. Mmoja ataoa na kuanzia maisha nyumbani. Kazi itapatikana au itakatika, na chumba kimoja kitatakiwa kiwe duka, ofisi au cha kupangisha. Hayo yote yanajulikana kabla msingi haujachimbwa, na wakati huo kuyapangia nafasi hakugharimu kitu.

Nalinganisha hapa njia nne zilizo mbele ya mtu mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, awe Dar es Salaam, Morogoro, Tanga au Dodoma: nyumba ya korido, nyumba ya kisasa yenye masta, banda la uani kwanza na nyumba kubwa baadaye, na nyumba ya chini yenye msingi wa ghorofa. Sizipimi kwa uzuri wa picha. Nazipima kwa jambo moja: maisha yakigeuka, nyumba itageuka kwa gharama gani, na itabidi uvunje nini?

Nyumba ya korido

Nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaa Kariakoo ya zamani, Ilala, Magomeni na Temeke, na bara mpaka Tabora na Ujiji, wengi wanaiona imepitwa na wakati. Mbele baraza. Katikati korido inayotoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Nyuma ua wenye jiko, bafu, choo na stoo.

Nguvu yake ni kwamba vyumba vyote ni sawa. Hakuna cha bwana wala cha wageni, na hakuna unachokifikia kwa kupita ndani ya kingine. Kila kimoja kina mlango wake wa koridoni na kufuli lake. Kwa hiyo chumba cha mbele kulia leo ni cha wenye nyumba. Mwakani kinafunguliwa mlango wa barabarani kinakuwa duka. Baadaye anakaa mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani. Mwenye nyumba anaanza na vyumba viwili na kupangisha vinne. Watoto wakiongezeka, wapangaji wanapungua. Watoto wakiondoka, wapangaji wanarudi, na kodi yao inamtunza mzee ambaye hana tena mshahara. Mizunguko yote hiyo inapita bila kuvunja ukuta hata mmoja wa ndani. Sijaona ramani ya kisasa inayolifanya hilo kwa urahisi kama huo, na inaniuma tunavyozibomoa nyumba hizi bila hata kujifunza kutoka kwazo.

Ukitaka kuona umahiri wake, nenda nyumba hiyo siku ya msiba. Wanaume wanakaa barazani na kwenye turubai mbele, wanawake vyumbani na koridoni juu ya mikeka, wapishi uani na masufuria yao, na maji yanapita kwa mlango wa nyuma. Nyumba ya chumba kimojakimoja inageuka ukumbi kwa saa moja, na kesho yake inarudi kuwa nyumba.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Korido ina giza na joto kama milango miwili haitazamani au jirani ameziba nyuma. Sebule hakuna, kwa hiyo mgeni anapokelewa barazani au chumbani. Ukipangisha, faragha inapungua: mpangaji anajua umepika nini. Na choo kiko uani. Kijana hilo halimsumbui, lakini mtu mzima anayeamka mara tatu usiku wakati wa masika atateleza siku moja.

Mengi kati ya hayo yanarekebishika ukijenga upya kwa umbo hilohilo. Fanya korido iwe na upana wa mita moja na nusu badala ya mita moja na kidogo. Weka choo na bafu ndani, mwishoni mwa korido, vigusane mgongo na choo cha uani ili mabomba yawe ya pamoja. Vyumba viwili vya mbele upande mmoja viunganishe kwa uwazi mpana uliofungwa lenta (boriti ya zege) juu yake, na hiyo ndiyo sebule. Siku ukihitaji chumba, uwazi unazibwa kwa tofali na kila upande unabaki na mlango wake.

Nyumba ya masta

Hapa kila nafasi ina jina na kazi yake, na ndiyo raha yake. Familia ina faragha, choo kiko ndani, mgeni anaishia sebuleni, na usiku unafunga mlango wa mbele na wa jikoni, basi. Kwa wenye kazi ya uhakika ambao hawataki mpangaji maishani mwao, ni nyumba nzuri na siwakatazi.

Shida inaanza jina la chumba linapopitwa na wakati. Masta ni kubwa na ina choo. Vyumba vya watoto ni vidogo na vinachangia choo kimoja. Kuvifikia vyote unapita sebuleni. Watoto wakiondoka, vyumba viwili vinabaki vitupu, na huwezi kumpangishia mtu bila yeye kupita mbele ya runinga yako kila jioni. Nyumba inabaki kubwa na haikuingizii chochote, wakati huohuo saruji inataka kukarabatiwa na bati kupakwa rangi.

Paa nalo linafunga mlango mwingine. Mtindo wa sasa wa kuficha bati nyuma ya ukuta unapendeza, lakini ukitaka kuongeza chumba unabomoa ukuta huo wa juu na kuhamisha mifereji iliyofichwa, na mahali pa maungio ndipo mvua hupatafuta. Paa la pande nne linaongezeka kwa tabu, maana kila upande una mteremko unaolazimika kukatwa. Paa la pande mbili ndilo rafiki wa mtu anayetarajia kuongeza: unarefusha mgongo wake, unaongeza kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao za kupigilia bati), unaendelea na bati lilelile. Kabla hujachagua paa kwa kutazama picha za simu, amua kwanza kama nyumba itarefuka, na kwa upande gani.

Nairobi wana somo la karibu. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya familia za tabaka la kati, nyumba zilizopangwa vizuri na zenye nafasi mbele na nyuma. Miaka ilivyokwenda, wenye nyumba wengi wakaongeza vyumba vya kupangisha na maduka katika nafasi hizo. Hawakukosea kuhitaji, maisha yalibadilika. Ila kwa kuwa nyongeza hazikuwa kwenye ramani tangu mwanzo, mara nyingi zinaiba mwanga na hewa ya nyumba ya awali na ya jirani.

Ukiipenda nyumba ya masta, nakuomba ubadilishe jambo moja tu. Masta isiwe katikati wala nyuma ya korido ndogo. Iwe kona, na dirisha lake moja litazame ubavuni mwa nyumba ambako mtu anaweza kupita kutoka getini. Dirisha hilo liwe na upana wa mlango, na lenta yake iwe kwenye usawa wa lenta ya milango. Siku inapohitajika, fundi anatoa tofali za chini ya dirisha, anaweka mlango, na mlango wa ndani unafungwa. Masta imekuwa chumba cha kujitegemea chenye choo chake: cha bibi, cha kijana aliyeoa, au cha kupangisha. Kazi ya siku chache, na hakuna kilichoguswa juu ya lenta.

Bibi akija kuishi nanyi

Jambo hili nalipa nafasi yake kwa sababu linafika karibu kila nyumba na linakuta karibu kila nyumba haiko tayari. Mzazi anatoka kijijini baada ya kuugua, anatembea kwa mkongojo au kwenye kiti cha magurudumu. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi. Mlango wa choo uliowekwa na fundi wako, mara nyingi, una fremu ya sentimita 70 hadi 75, na ukitoa unene wa fremu na mlango wenyewe, kiti hakipiti. Kwa hiyo mtu aliyekulea anabebwa mikononi kwenda chooni, mbele ya wajukuu. Heshima yake inapotea kwa sababu ya sentimita kumi na tano za ukuta.

Mlango wa sentimita 90 unamtosha. Gharama yake siku ya kujenga ni ndogo sana, kwani tofali zinapungua. Siku ya kubomoa, unavunja vigae, fremu, lipu na pengine lenta.

Kizingiti nacho kinataka hesabu. Njia ya mteremko inayopandika na kiti bila kumchosha anayesukuma ina uwiano wa moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Baraza lililoinuka sentimita 15 linahitaji mteremko wa mita 1.8, na hiyo nafasi unayo. Baraza lililoinuka sentimita 60, kama wengi wanavyopenda nyumba ionekane imesimama, linataka zaidi ya mita saba, na uwanja umekwisha. Kama eneo lako linajaa maji na huna budi kuinua msingi, panga mteremko upite ubavuni mwa nyumba tangu kwenye ramani. Ndani ya choo, kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu kugeuka. Kama huwezi kutoa nafasi hiyo, angalau mlango wa choo ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe.

Kwa kipimo hiki nyumba ya korido iliyorekebishwa inashinda: haina ngazi, ni ya mstari mmoja, na chumba cha nyuma kiko hatua chache kutoka chooni. Masta ya kona inafuata. Banda la uani linafaa kama halikujengwa na ngazi mbele. Ghorofa ni ya mwisho, isipokuwa chini kumeachwa chumba na choo kamili.

Banda kwanza, nyumba baadaye

Wengi wetu hatujengi kwa mkopo. Tunajenga kwa mshahara, kiinua mgongo, mchezo wa upatu na mauzo ya ng'ombe. Kiwanja leo, tofali mwakani, msingi mwaka unaofuata. Nyumba kubwa ikianza kujengwa kwa mwendo huo inasimama miaka bila paa, kuta zikinyeshewa na nyasi zikiota sebuleni, na wakati wote huo mwenyewe analipa kodi kwa mtu mwingine. Banda la uani linaivunja hali hiyo: vyumba viwili au vitatu nyuma ya kiwanja, unahamia, fedha ya kodi inabaki mfukoni, unajenga nyumba ya mbele ukiwa hapohapo unamwona fundi na mifuko ya saruji. Nyumba ikiisha, banda linakuwa la wapangaji, la wageni, la vijana wa kiume au la bibi.

Wazo la kuanza na kiini kisha kukiongezea lilishajaribiwa kwa ukubwa mkubwa. Dandora, Nairobi, miaka ya 1970, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipima takriban viwanja 6,000. Badala ya nyumba kamili, mtu alikuta sehemu ya maji tayari, yaani choo na bafu, na wengine wakapata na jiko au chumba, vilivyobaki alijijengea. Wakati huohuo Dar es Salaam, miradi ya viwanja vyenye huduma ilizaa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni. Ukipita Dandora leo utaona maghorofa ya wapangaji mahali palipoanzia choo na chumba kimoja. Ukuaji ulikuja, hata kupita kiasi, na msongamano ukaja nao, lakini mahali choo kilipowekwa mwanzoni ndipo vyumba vilipojipanga.

Mbali zaidi, katika mji wa Iquique nchini Chile, mbunifu majengo Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental walipewa fedha ndogo ya serikali kwa ajili ya familia 93 zilizokuwa zikiishi mahali palepale. Mwaka 2004 walikabidhi nusu ya nyumba: jiko, choo, ngazi na kuta kuu, na pembeni nafasi tupu ya kujengwa na familia yenyewe. Kanuni yao naipenda na naitumia: kwa fedha ya kwanza fanya lile ambalo familia haitaliweza baadaye. Chumba mtu yeyote ataongeza. Mfumo wa majitaka uliokosewa hautengenezeki kirahisi.

Na hapo ndipo mabanda yetu mengi yanapoharibikia. Fundi anachimba shimo la choo katikati ya kiwanja, kwa kuwa ni karibu na banda na udongo ni laini. Miaka mitatu baadaye unataka kuanza nyumba kubwa, na msingi wake unapita juu ya shimo. Au shimo liko nyuma kabisa, nyumba ya mbele imejengwa kutoka ukuta hadi ukuta, na gari la kunyonya majitaka halifiki. Kwa hiyo ukichagua njia hii, uchorewe ramani ya kiwanja chote siku ya kwanza, hata kama nyumba kubwa itakuja baada ya miaka kumi. Shimo liwe mbele, karibu na geti, mahali ambapo nyumba haitafika. Bomba la nchi nne litoke bandani kwenda shimoni kwa mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita, likipita ubavuni, lenye chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia) kila linapokata kona na chemba moja ya ziada inayosubiri nyumba kubwa. Upande mmoja wa kiwanja acha njia ya mita tatu tangu getini hadi nyuma. Itapitisha lori la kokoto leo, na kesho itampitisha mpangaji bila kukatiza uwanja wako.

Banda lenyewe usilijenge kama kibanda cha muda. Dari lisiwe la chini kwa sababu "ni banda tu". Watu wataishi humo miaka mingi na joto la bati la chini ni adhabu. Vyumba viwili vyenye choo katikati yao, kuta za maji zikiwa za pamoja, baraza jembamba mbele, jiko dogo mwishoni. Umbali wa kuacha mpakani mwa jirani uulize kwa afisa mipango miji wa halmashauri yako kabla hujachimba, na ombi la kibali cha ujenzi lionyeshe vyote viwili, banda na nyumba itakayokuja.

Msingi wa ghorofa

Njia hii ina heshima kubwa mtaani: nyumba ya chini imeisha, juu ya paa la zege nondo zimechomoza, na kila apitaye anajua mwenyewe ana mipango. Kwa kiwanja kidogo cha mjini ni mawazo sahihi. Lamu waliyafanya kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za mji wa kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, binti akiolewa familia ilimwongezea makazi juu ya nyumba ya wazazi, na pale nafasi ya chini ilipokwisha waliunganisha nyumba mbili kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, chini kidogo ya mita tatu, kwa hiyo kila aliyejenga juu alijua kuta za kukanyaga ziko wapi. Ndiyo elimu tunayoipoteza tunapochora chini vyumba vya aina moja na juu vya aina nyingine, ukuta wa juu ukiangukia katikati ya sebule ya chini.

Lakini gharama hapa zinalipwa mwanzoni, na faida inakuja ikiwa utafika. Mashimo ya nguzo, nondo, slabu ya zege badala ya kenchi na bati: fedha hiyo ingetosha kumaliza banda na kuanza nyumba. Nimeona familia zilizobaki na slabu inayovuja miaka mingi kwa sababu ghorofa haikuja na fedha ya kuweka bati juu yake haikubaki. Kama huna uhakika wa kupanda juu ndani ya miaka michache, sikushauri.

Ukiwa na uhakika, mhandisi ahesabu nguzo kwa idadi ya ghorofa utakazojenga kweli, na idadi hiyo iandikwe kwenye kibali. Tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, na ikaelezwa kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile za kibali. Kuongeza ghorofa moja juu ya msingi wa nyumba ya kawaida kwa maneno ya fundi kwamba "hapa pako imara" ni hatari ya aina hiyohiyo.

Nondo zinazosubiri zibaki na urefu wa mara 40 hadi 50 ya unene wake, yaani kwa nondo ya milimita 16 ni sentimita 64 hadi 80, ndipo zitaungana vizuri na za juu. Zifunikwe kwa zege hafifu au zipakwe uji wa saruji. Zikiachwa wazi karibu na bahari, kutu itazila kabla fedha haijapatikana. Ngazi iwekewe nafasi yake tangu leo, karibu mita mbili kwa mita tatu na nusu, na itokee nje. Nafasi hiyo itumike kama stoo mpaka siku yake. Ngazi ikianzia sebuleni, ghorofa ya juu haiwezi kupangishwa wala kumpa mwanao uhuru wake, na umejenga nyumba moja ndefu badala ya mbili.

Fleti ya kununua sikuiweka kwenye mashindano haya. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo unapata hati yako, lakini kuta kuu, mabomba ya pamoja na sura ya nje ni vya wote. Inamfaa mtu mwenye maisha yasiyobadilika sana, au asiye na hamu ya kusimamia mafundi.

Chumba cha kupangisha: kinachoamua ni mlango

Nikizipanga njia hizi kwa uwezo wa kuingiza kodi, banda linatangulia, korido inafuata, ghorofa yenye ngazi ya nje ya tatu, na masta ya kawaida inabaki nyuma kabisa. Tofauti kati yao haiko kwenye ukubwa. Iko kwenye mambo matatu: mpangaji anaingia kwa mlango gani, anatumia choo gani, na umeme wake unahesabiwa vipi. Ukivuta nyaya, tenganisha sakiti ya sehemu utakayopangisha ili submita (mita ndogo ya kuhesabu umeme wa mpangaji) iweze kuwekwa bila kufukua kuta. Ukifikiria mita ya pili kabisa, kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo uliza kwanza itakuwaje ukiwa na mita mbili kiwanja kimoja.

Nani achague ipi

Mwenye fedha inayokuja kwa mapande, mwenye watoto wadogo, na bado anapanga: banda kwanza, bila kusita, ilimradi shimo na njia viko mahali pake. Mjane, mstaafu, au yeyote ambaye nyumba itatakiwa imlishe: korido yenye choo ndani. Atapata kipato bila kupanda ngazi, na akiumwa kuna watu karibu wa kusikia akiita. Wenye ajira ya kudumu wanaotaka utulivu wao: masta ya kona, paa la pande mbili. Wenye kiwanja kidogo mjini na ndugu wanaokubaliana kuchangia: ghorofa, pamoja na mhandisi na maandishi ya nani anamiliki nini, kwa sababu ugomvi wa warithi unaanzia pale baba alipogawa kwa mdomo.

Kuna wanaochanganya, na mara nyingi ndio wanaofanya vizuri zaidi. Nyumba ya mbele yenye korido fupi, vyumba vinavyokaribiana ukubwa, masta moja ya kona, banda nyuma. Chumba kimoja kirefu, mita tatu kwa sita, chenye madirisha mawili na milango miwili ya koridoni: watoto wote wanalala humo wakiwa wadogo, na wakifikia umri wa kutenganishwa unapitisha ukuta katikati, mlango na dirisha kila upande. Ukuta huo hata ukiwa wa mbao unatosha, na watoto wakiondoka unatolewa.

Kabla ya kuondoa ukuta wowote wa ndani katika nyumba iliyokwisha ezekwa, fundi apande darini aone kenchi zimekanyaga wapi. Zikiwa zimetua juu ya ukuta huo, usiuguse mpaka ziwekewe mhimili mwingine. Na katika nyumba ambayo bado ni ramani, kazi ya bei nafuu kuliko zote ni kupitisha bomba la nchi nne chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, mpaka kwenye chumba ambacho huenda siku moja kikahitaji choo, ukaliziba kwa kifuniko, ukapiga picha na kuandika vipimo vyake kutoka kuta mbili. Picha hiyo na vipimo viwekwe pamoja na hati ya kiwanja, kwa kuwa atakayelitafuta bomba hilo huenda akawa mwanao, na fundi wa leo hatakuwapo wa kuulizwa.